Kufundisha watoto sifa za maumbo: maswali mnayoniulizaga sana

Maswali haya yanatoka kwa wazazi wenye watoto wa darasa la pili mpaka la tano hivi, na mengine kwa walimu wenzangu wa msingi, nimeyaweka sehemu moja maana majibu ni yaleyale kila siku. Sijafuata mpangilio wa silabasi. Majina nimetumia ya vitabu vya shule za Kiswahili za Tanzania (msambamba, rombasi, trapeza, pembetatu pacha na wenzake).

Mwanangu anataja maumbo yote vizuri tu, mbona mwalimu wake anasema hajui maumbo?

Hili ndo linaongoza. Kutaja jina ni rahisi, mtoto anaangalia mlango anasema mstatili kwa sababu unafanana na ule uliochorwa kwenye chati ya ukutani, hajahesabu upande wala hajaangalia kona hata moja. Fanya jaribio dogo usiku huu: mchoree umbo la pande nne lililolala kidogo, yaani kama mstatili ambao mtu kausukuma kwa pembeni, muulize hili ni nini. Wengi watasema mstatili. Sasa muulize "umejuaje?" Akikujibu "si naliona tu", basi mwalimu wake yuko sahihi, mtoto anajua sura ya umbo, sifa hajazifikia.

Kulikuwa na mume na mke Waholanzi, walimu wa hisabati, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, mwaka 1957 walilieleza hili jambo kwenye tasnifu zao za udaktari na mpaka leo watu wanalitumia. Walisema anayejifunza maumbo anapanda ngazi, kwanza anatambua umbo kwa sura nzima, alafu anaanza kuona sifa moja moja (pande, kona, ulalo, yaani ule mstari wa kutoka kona mpaka kona inayotazamana nayo), alafu anaanza kuunganisha kwamba kama hiki kiko hivi basi na kile lazima kiwe vile, na juu yake kuna ngazi za kuthibitisha ambazo ni za sekondari na kuendelea huko. Kinachonifurahisha kwenye maelezo yao ni kwamba hairukwi ngazi, na kupanda kwenyewe hakuji kwa umri, kunakuja kwa kile mtoto anachofanyishwa. Ndo maana unakuta mtu mzima na degree yake anabishana kwamba mraba ukiulaza kona chini sio mraba tena. Na ndo maana ticha anaongea ya ngazi ya pili, mtoto anasikiliza akiwa ngazi ya kwanza, wote wanasema "mraba" na hawaelewani kabisa.

Kwa hiyo "umejuaje?" ndo swali langu kuu, mtalikuta humu mara nyingi tu.

Huyo wa mraba uliolala namfanyaje sasa?

Chanzo ni vitabu na chati zetu. Mraba unachorwaga umekaa chini vizuri, pembetatu kitako chini ncha juu, mstatili umelala, miaka nenda rudi. Mtoto anachukua na mkao kama sehemu ya umbo. Dawa ni kukata maumbo kwenye boksi gumu ili ayashike, ayazungushe, ayageuze kichwa chini, na wewe kila siku ubandike kwa mkao tofauti. Akisema sasa limekuwa "almasi", mpe rula apime pande, mpe kona ya karatasi apime kona, alafu muulize nini kimebadilika. Hakuna kilichobadilika. Pembetatu nazo mchoree nyembamba ndefu kama mwiba, na nyingine bapa imelala, maana watoto wengi pembetatu kwao ni ile nzuri yenye pande sawa peke yake.

Nianze na umbo gani kwa mtoto mdogo kabisa?

Mi naanza na vitu vya kushika, boksi la dawa ya meno, kopo, mpira, sio na michoro. Mtoto mdogo hajawahi kushika mstatili, kashika boksi. Muache aviringishe, apange, aone kipi kinabiringika na kipi kinakaa. Alafu mwambie aweke boksi juu ya karatasi apitishe penseli pembeni, akiinua anakuta mstatili, kopo linamwachia duara. Hapo mstatili unakuwa na kwao, umetoka kwenye boksi. Faida nyingine, hatochanganya boksi na mstatili kama wanavyochanganya wengi mpaka la tano.

Hivi kweli mraba ni mstatili? Nimebishana na mwanangu mpaka kalia.

Pole. Ndio, ni mstatili. Mstatili tunamaanisha umbo la pande nne ambalo kona zote nne ni pembe mraba (kona ya nyuzi 90, kama ya karatasi), basi, hamna sehemu imesema pande mbili lazima ziwe ndefu. Mraba una kona nne za pembe mraba? Unazo. Basi umeingia. Ila una sifa ya ziada, pande zote zinalingana, ndo maana una jina lake. Kila mtu wa Mwanza ni Mtanzania ila sio kila Mtanzania ni wa Mwanza, watoto huu mfano wanauelewa haraka kuliko maelezo yoyote.

Ukiendelea hivyo utaona na mengine: mraba ni rombasi pia (pande nne sawa), mstatili ni msambamba (pande zinazotazamana ziko sambamba), na rombasi ni msambamba. Ila angalizo, usimkimbilie mtoto wa la pili na hii habari. Huyo bado anatazama sura, ukimwambia mraba ni mstatili unamvuruga tu na ndo kilio kinapotokea. Msubirishe mpaka awe anataja sifa mwenyewe bila kusukumwa, wengi hiyo ni la nne la tano. Na kama mwalimu wake darasani kasema mraba sio mstatili, usimwambie mtoto ticha hajui, mpe tu orodha ya sifa za mstatili aipitie kwenye mraba moja moja, atafika mwenyewe.

Kuna mchezo wowote? Anachoka haraka.

Upo mmoja hauishi utamu. Kata maumbo kama ishirini, changanya mazuri na ya ovyo: pembetatu za kila aina, umbo linalokaribia kuwa pembetatu lakini upande mmoja umepinda, lingine halijafunga, lingine kona zake zimekuwa mviringo. Wewe una siri kichwani, mfano "yenye kona ya pembe mraba". Unapanga mafungu mawili, haya ndiyo, haya siyo, moja moja, bila kusema sababu, mtoto anabashiri siri. Akipata, yeye ndo anakuwa mwenye siri. Hapo ndo utasikia sifa anazozijua kweli. Yale maumbo ya ovyo usiyadharau, mtoto anajifunza pembetatu ni nini kwa kuona kilichokataliwa na sababu ya kukataliwa, ukimwonyesha mazuri tu hajui mpaka uko wapi.

Mwingine: umbo ndani ya mfuko, anapapasa bila kuona anaelezea, mwenzake anachora. Huu unafaa sana hata kwa mtoto mwenye uoni hafifu, na ukigundisha uzi kwenye karatasi kufuata mstari anaweza "kusoma" mchoro kwa vidole.

Shule yetu haina vifaa vyovyote, tunafanyaje?

Mwalimu mwenzangu, kwenye maumbo kukosa vifaa vya dukani sio tatizo kubwa kivile. Chukua vijiti vya mshikaki na kandambili kuukuu. Katakata kandambili vipande vidogo, ndo maungio yako, unachomeka vijiti. Au mirija ya kunywea juisi ukapitisha uzi ndani ukafunga. Kwa vitu hivi tu unafundisha wiki nzima.

Waambie watengeneze pembetatu, na wengine mraba, alafu wasukume kona. Pembetatu haiendi popote. Mraba unalala unakuwa rombasi, na ukitengeneza mstatili (viwili virefu viwili vifupi) ukausukuma unakuwa msambamba. Hapa kaa, usikimbilie kipindi kiishe, maana kuna maswali mengi: pande zimebadilika urefu? Hapana. Kona je? Ndio. Zinazotazamana bado ziko sambamba? Ndio. Ukiendelea kulaza mpaka chini kabisa nafasi ya ndani imekuwaje? Imepungua mpaka imeisha, ingawa vijiti ni vilevile. Alafu waambie waongeze kijiti kimoja kutoka kona mpaka kona ya pili, umbo linakaza. Sasa watoke nje waangalie kenchi za paa, fremu ya baiskeli, geti la mbao lenye ubao uliokatiza, waseme fundi kaweka pembetatu ya nini. Mtoto wa fundi seremala siku hiyo anakuwa profesa.

Na wape vijiti vya sm 3, sm 4 na sm 8 wajenge pembetatu. Haifungi! Watahangaika, wataona wamekosea wao, waache. Mpaka mmoja aseme vile viwili vifupi vikiunganishwa havifiki kile kirefu. Umefundisha sifa kubwa bila kuandika chochote ubaoni.

Pembe anazichanganya, anasema yenye mistari mirefu ndo kubwa.

Karibu wote wanapitia hapo. Anaangalia urefu wa mistari badala ya uwazi. Fungua mlango kidogo alafu uufungue sana, mlango ni uleule, kilichobadilika ni mzunguko. Au mwambie anyooshe mikono mbele ameibananisha alafu aifungue. Kisha mchoree pembe mbili sawa, moja mistari mifupi nyingine mirefu, akate moja aiweke juu ya nyingine aone.

Kipimapembe asikishike mapema. Kona ya karatasi inatosha kabisa, karatasi yoyote hata iliyochanika, ikunje mara moja, alafu kunja tena ule mkunjo uje juu yake wenyewe, umepata pembe mraba. Kona inayozidiwa na hiyo ni pembe kali, inayoizidi ni pembe butu. Atembee nyumbani nayo, dirisha, meza, kitabu, na mkasi ukifunguliwa.

Pembetatu pacha, sawa, guni, mraba… namkaririshaje?

Usimkaririshe, mpangie kwa mafungu mawili tofauti. Fungu la pande: sawa (zote tatu zinalingana), pacha (mbili zinalingana), guni (hamna inayolingana). Fungu la pembe: zenye pembe kali zote, yenye pembe mraba, yenye pembe butu. Wanaochanganyikiwa ni kwa sababu wamepewa majina yote kwenye orodha moja, wanadhani pembetatu inachagua jina moja. Pembetatu mraba inaweza kuwa pacha vilevile, kunja karatasi ya mraba kona kwa kona unaipata hapo hapo. Kisha waulize, kuna pembetatu yenye pembe mraba mbili? Wachore. Mistari miwili inapanda sambamba haikutani hata ukichora mpaka dari.

Ile ya kona tatu za pembetatu kujumlisha nyuzi 180 inathibitishwaje kwa watoto?

Kila mtoto achore pembetatu yake, yoyote, aikate, atie rangi kona tatu, azichane kwa mkono (sio mkasi, ukikata kwa mkasi anasahau kona ipi ndo ilikuwa kona), azipange ncha zikutane nukta moja. Zinatengeneza mstari mnyoofu, ndo nyuzi 180 hizo. Uzuri ni kwamba pembetatu zote ni tofauti na majibu ni yaleyale, darasa linapiga kelele. Siku nyingine fanya na umbo la pande nne, kona nne zinazunguka nukta nzima, 360. Mwerevu atakwambia pande nne ni pembetatu mbili, na hapo ndo ngazi ya tatu ya van Hiele.

Duara lina pande ngapi? Moja, sifuri, au nyingi?

Acheni kuuliza hivi kwenye mitihani jamani. Upande kwenye maumbo haya ni mstari mnyoofu, duara halina hata mmoja, na halina kona. Sifa ya duara ni nyingine kabisa: kila nukta kwenye ukingo wake iko umbali sawa na katikati. Kigingi, kamba na kijiti uwanjani, mtoto anavuta kamba anazunguka, duara limetoka, na ile kamba ndo nusu kipenyo. Darasa la tano wakusanye vifuniko, wazungushe uzi, alafu ule uzi waukatize katikati ya kifuniko, unaingia mara tatu na kidogo kwa kila kifuniko, kikubwa kidogo vyote. Hiyo "tatu na kidogo" ndo pai.

Na waulize kwa nini mfuniko wa chemba mara nyingi ni duara. Mfuniko wa mraba ukiusimamisha unaweza kuzama kwenye shimo lake, maana ulalo wake ni mrefu kuliko upande. Wa duara hauzami hata uugeuze vipi, upana wake ni uleule kila upande.

Ulalo una umuhimu gani? Tunauruka.

Msiuruke, ndo sehemu tamu. Chukua vijiti viwili vilivyolingana, vifunge katikati vikatane, unganisha ncha kwa uzi: umepata mstatili, kwa namna yoyote utakayovifungua. Vifungue vikatane kwa pembe mraba, unakuwa mraba. Sasa badilisha kimoja kiwe kifupi, bado umevifunga katikati, unapata msambamba, na vikikatana kwa pembe mraba ni rombasi. Vitu viwili vinavyobadilika vinakupa maumbo manne. Mafundi wanaijua hii siku nyingi, akitaka kuhakikisha fremu ya mlango imekaa skwea anapima ulalo zote mbili, zikilingana anaendelea na kazi.

Mstari wa ulinganifu, mbona mwanangu kasema mstatili una minne?

Mstari wa ulinganifu ni ule ambao ukikunja hapo nusu mbili zinafunikana kabisa. Mwanao kahesabu na ulalo. Mpe karatasi ya daftari aikunje kona kwa kona, aone masikio yanavyotokeza. Ni miwili tu. Mraba ndo una minne, duara haihesabiki, na msambamba wa kawaida hauna hata mmoja, hili linashangaza hadi walimu kwa sababu kwa macho unaonekana umetulia.

Mzingo (urefu wa kuzunguka nje) na eneo (nafasi ya ndani) anavichanganya.

Kamba ya mita 24 uwanjani, wazungushie "bustani ya mchicha". 6 kwa 6 wanapata mita za mraba 36, 8 kwa 4 wanapata 32, 10 kwa 2 wanapata 20, 11 kwa 1 wanapata 11. Kamba ni ileile. Wakishaona hivyo mzingo na eneo haviwi kitu kimoja tena.

Nina watoto zaidi ya 80 darasani, haya yote yanawezekana?

Sio yote. Vijiti vya kandambili nafanya kwa vikundi, kazi ya kukata naiacha wafanye nyumbani. Ila uwanja ndo mkombozi. Wape kazi ya kuchora upya uwanja wa netiboli, mita 30.5 kwa 15.25, na ile nusu duara ya golini ya mita 4.9. Watagundua kwamba kuchora mistari minne ni rahisi, kupata kona ndo shughuli, na hapo unawaletea kamba ya mafundi: mita 3 upande huu, mita 4 upande huu, ukikatiza ikisoma 5 kona imekubali. Sababu yake watakutana nayo sekondari, kwa sasa watumie tu. Kikundi kimoja kinapima, kingine kinakagua ulalo, kingine kinaandika, na wewe unazunguka na swali lako la umejuaje.

Maumbo ya ujazo nayo yana sifa za kufundisha au ni majina tu?

Yanazo. Mchemraba una nyuso 6, kingo 12, vipeo (ncha za kona) 8. Piramidi ya kitako cha mraba ina nyuso 5, kingo 8, vipeo 5. Wape jedwali wajaze, wajumlishe nyuso na vipeo watoe kingo, wataona 2 inajirudia, na mche wa pembetatu (kama hema, pembetatu mbele na nyuma) pia, waache wakasake lingine nyumbani. Kwa watundu: kuna namna 11 tofauti za kupanga miraba sita ambayo ukiikunja inakuwa mchemraba, watafute zote. Hiyo inakula likizo nzima, wazazi mtanishukuru.

Kwenye mtihani anafeli ingawa nyumbani anajua.

Mara nyingi anasoma mchoro kwa macho. Mchoro wa mtihani sio lazima uwe na vipimo halisi, kinachohesabika ni alama: vistari vidogo kwenye pande zinazolingana, mishale kwenye pande sambamba, kijimraba kwenye kona ya pembe mraba. Mfundishe kwamba kama hamna kijimraba asiseme ni pembe mraba hata ikionekana hivyo. Mchoree kwa makusudi michoro mibaya yenye alama sahihi afanyie mazoezi.

Simu inasaidia?

Kuna programu ya kuchora maumbo inaitwa GeoGebra, ni ya bure na ni nzuri, unaburuta kona ya umbo unaona nini kinabadilika na nini kinabaki. Ila kwa la kwanza mpaka la tatu mi bado niko upande wa vijiti na mkasi. Zile video za maumbo yanayoimba zinafundisha majina, ambayo tayari anayajua.

Mkebe wa hisabati ninunue lini?

Rula mapema, kipimapembe na bikari darasa la nne la tano panatosha. Bikari angalia ile nati ya juu, ikiwa inalegea duara halikutani mwanzo na mwisho na mtoto ataamini yeye ndo hajui kuchora. Rula isiwe imeliwa mwanzoni, na mwonyeshe anapima kuanzia kwenye sifuri, sio kwenye ncha ya rula wala kwenye moja.